Lindo la Bondeni, Kando ya Mto Wisconsin

Eneo la kuwindia kulungu hukaguliwa Februari, si Novemba. Novemba mtu ana tamaa. Kijiti kikivunjika moyo unaruka, kila kivuli unakiona kina pembe, na ukirudi mikono mitupu unajiambia kesho ndiyo kesho. Februari msimu umekwisha, bunduki na pinde ziko kabatini, majani yamepukutika, na theluji inakuonyesha kila kwato iliyopita tangu ilipoanguka. Ukiona hakuna, hakuna. Ndiyo maana nilimwomba shemeji yangu tusiendelee kubishana mezani kuhusu lindo letu. Tungoje theluji, twende tukalitembee lote, halafu tuamue: tunaendelea kuwinda pale, au tunapaacha.

Lindo lenyewe liko kwenye ardhi ya umma kando ya Mto Wisconsin, magharibi ya Madison, mji ninaoishi. Ni wapi hasa, sitasema. Wawindaji wa huku hawatajiani malindo, na desturi hiyo nimeipokea kwa moyo mmoja. Inatosha kujua kwamba liko ndani ya hifadhi ya jimbo iitwayo Lower Wisconsin State Riverway, iliyoanzishwa mwaka 1989 ili kulinda kilomita 148 hivi za mwisho za mto huo, kuanzia bwawa la Prairie du Sac hadi unapomwaga maji yake Mississippi. Katika safari yote hiyo hakuna bwawa jingine. Mto unajaa unapotaka, unakula kingo zake, unahamisha visiwa vya mchanga, na yeyote anayewinda kwenye tambarare zake hana budi kukubali kwamba ardhi aliyoizoea mwaka huu huenda isiwe ile ile mwaka ujao.

Tulitoka alfajiri, shemeji akiwa kwenye usukani. Barabara namba 14 inapita Cross Plains, Black Earth, Mazomanie na Arena, miji midogo yenye kanisa, silo na duka la kuuza leseni za uvuvi. Anayetokea mashariki huona nchi ikibadilika ghafla. Ile barafu kuu ya zama za kale iliyosawazisha sehemu kubwa ya jimbo haikuifikia pembe hii ya kusini magharibi, kwa hiyo vilima vimebaki na makali yake, mabonde yamebana, na karibu kila korongo lina kijito. Juu mialoni, chini mahindi na soya, na katikati ya hayo mawili, kulungu. Huwezi kubuni nchi inayomfaa zaidi kulungu wa mkia mweupe. Anapenda ukingo: mahali msitu unapokutana na shamba, kichaka kinapokutana na mto. Hapa ni kingo tupu.

Mbele zaidi kuna kijiji cha Lone Rock, ambacho Januari 1951 kilipata baridi ya nyuzi 47 za Selsiasi chini ya sifuri. Asubuhi yetu ilikuwa na nyuzi chache tu chini ya sifuri, theluji ya siku mbili, hakuna upepo wa kutajika. Kwa kusoma nyayo, usingeweza kuomba zaidi.

Shemeji alikuwa ameshaamua kabla hatujaondoka. "Shemeji," aliniambia tukiwa bado Madison, "pale pamekwisha. Wewe unapapenda tu." Yeye alitaka tuhamie kaskazini, kwenye msitu wa taifa wa Chequamegon-Nicolet, wenye takriban ekari milioni 1.5, ambako mtu anaweza kutembea siku nzima asione koti la rangi ya machungwa la mwindaji mwingine. Sababu zake zilikuwa za kweli, na nilizijua zote kwa sababu ni mimi niliyempa nyingi kati yake, nikirudi nyumbani Novemba baada ya Novemba nikilalamika kuhusu watu, maji na kulungu ambao hawakutokea. Lakini iliyomgusa zaidi ilikuwa habari ya yule dume wangu wa mwisho.

Nilimpata mwanzoni mwa Novemba kwa upinde. Dume wa miaka mitatu hivi, mnene, manyoya yanang'aa, hatua zake imara. Kwa macho usingemtilia shaka hata kidogo. Nilimchuna, nyama nikaigawa kwenye mifuko na kuiweka kwenye friza bila kuigusa, na kichwa pamoja na kipande cha shingo nikakipeleka kwenye kibanda ambacho Idara ya Maliasili ya jimbo imekiweka ili watu waache sampuli wenyewe. Unajaza kadi ya mahali na tarehe, unafunga mfuko, unatumbukiza. Wataalamu huchukua tezi za limfu zilizo nyuma ya koo na kuzipima. Hutozwi kitu. Wiki mbili hivi baadaye majibu yalirudi: ameambukizwa.

Ugonjwa huu wa kukondesha kulungu unaletwa na prioni, protini iliyojikunja vibaya ambayo huzilazimisha nyingine za aina yake zijikunje vivyo hivyo, mpaka ubongo unatoboka matundu. Hauna tiba wala chanjo. Mnyama anaweza kuishi mwaka mmoja na nusu, hata miwili, akionekana mzima huku akieneza ugonjwa kwa mate, mkojo na kinyesi, na prioni zikishaingia kwenye udongo hukaa humo miaka. Uligunduliwa Colorado mwaka 1967. Wisconsin ulitangazwa Februari 2002, baada ya kulungu watatu waliopigwa Novemba iliyotangulia karibu na mji wa Mount Horeb kupimwa. Mount Horeb si mbali na barabara ile ile tuliyokuwa tukiipita. Jimbo lilijaribu kwanza kuumaliza kwa kupunguza kulungu kwa nguvu katika eneo lililoathirika, wenye mashamba wengi wakapinga, na ugonjwa ukaendelea kusambaa. Leo, katika baadhi ya sehemu za kusini magharibi, zaidi ya theluthi moja ya madume wakubwa wanaopimwa wanao.

Hakuna mtu ambaye imethibitishwa kwamba aliugua kwa kula nyama ya kulungu mwenye ugonjwa huu. Hata hivyo mamlaka za afya za Marekani zinashauri nyama ya aliyeambukizwa isiliwe, na mimi ushauri huo naufuata. Mke wangu hakuhitaji kushauriwa na yeyote. Alisimama mbele ya friza, akaweka mikono kiunoni. "Baba watoto, hiyo nyama haigusi sufuria yangu." Tuliipeleka yote kwenye jalala rasmi linalopokea mizoga. Sijawahi kubeba mzigo mzito namna ile. Mnyama umemfuatilia msimu mzima, umemuua, umemshukuru, halafu unamtupa.

Ninataka msomaji wa nyumbani aelewe kwa nini jambo hili halikuwa hesabu rahisi ya kufunga virago na kwenda kwingine.

Mimi ni mtu wa Taita. Zaidi ya nusu ya kaunti yetu ni Tsavo, hifadhi iliyotangazwa mwaka 1948. Babu yangu mzaa baba alikuwa kijana wakati huo, na kama wanaume wengi wa rika lake alikuwa na upinde, podo, na mahali pake nyikani ambapo alijua paa watapita wakitoka kunywa maji. Mahali pale palibaki ndani ya mpaka, yeye akabaki nje. Mwaka 1977 serikali ya Kenya ikapiga marufuku uwindaji nchi nzima. Marufuku ile siipingi hata leo. Tembo na faru walikuwa wanateketea, na kama nyika ya Tsavo ingali na wanyama ni kwa sababu watu fulani walisimama kidete. Lakini babu hakuulizwa. Hakupata nafasi ya kwenda mara ya mwisho, akatazama nyayo, akasema: sasa basi. Alipokuwa akituchungisha mbuzi alikuwa bado anachota jivu kidogo na kulimwaga hewani aone linaelekea wapi, na alitufundisha kwamba mnyama anaweza kusamehe kelele, anaweza kusamehe mjongeo, lakini harufu hasamehi.

Wisconsin ni nchi nyingine kabisa. Mwaka 2003 wapigakura wa hapa waliandika haki ya kuwinda na kuvua ndani ya katiba ya jimbo. Kila mwaka zaidi ya nusu milioni ya watu hununua leseni ya msimu wa bunduki, siku tisa zinazoanza Jumamosi kabla ya sikukuu ya Thanksgiving, na kuna ofisi na viwanda ambavyo juma lile vinabaki na nusu ya watu. Mtu aliyezaliwa kuanzia 1 Januari 1973 lazima apitie mafunzo ya usalama kabla ya kupata leseni. Mimi niliketi darasa moja na watoto wa miaka kumi na miwili, wengine wameletwa na bibi zao, na nikaona kitu ambacho kwetu kilikatika: ujuzi wa porini ukipitishwa wazi, mchana, mbele ya afisa wa serikali.

Lindo la bondeni nilionyeshwa na mzee mmoja mwenyeji, fundi bomba mstaafu tuliyejuana kanisani. Magoti yalikuwa yameshamzuia kupanda miti. Alinipeleka mwenyewe, polepole, akasimama chini ya mti na kuniambia: kulungu wanatoka kwenye mahindi kule, wanavuka mfereji huu wa zamani wa mto hapa penye kina kifupi, wanapanda kule kwenda kulala. Upepo ukitoka kaskazini magharibi, kaa hapa. Ukitoka kusini, usije kabisa. Tangu hapo, kila nikirudi, hakuwahi kuniuliza kama nimepata. Aliuliza upepo ulikuwaje. Mtu akikupa kitu cha namna hiyo, kukiacha kunakudai sababu.

Tuliacha gari kwenye kijiegesho cha changarawe ambacho Novemba huwa kimejaa na Februari kilikuwa na gari letu peke yake. Kufika lindoni ni kutembea kwenye nyasi ndefu za kinamasi, halafu msitu wa tambarare ya mto. Hatua za mwanzo hazikutia moyo. Nyayo za sungura, nyayo za bata mzinga, njia moja ya mbweha. Kulungu mmoja mmoja tu, wote wakipita kwa haraka, kwato zimefunguka, hakuna aliyesimama kula.

Kisha nikauona mti wangu.

Ni mti wa ashi, mnene, ulionyooka, ambao kwa miaka yote nilikuwa nikiufunga dungu langu la kubebeka. (Kwenye ardhi ya jimbo upande huu wa kusini huruhusiwi kuacha dungu usiku, unapanda nalo asubuhi, unashuka nalo jioni.) Sasa gome lilikuwa limechubuliwa kwa mabamba tangu juu hadi usawa wa kifua changu, na mti ulioachwa wazi ulikuwa na rangi ya manjano iliyopauka. Hiyo ni kazi ya vigogota. Wanachubua gome wakitafuta mabuu ya mdudu mmoja wa kijani, mdogo kuliko ukucha, aliyetokea Asia akagunduliwa Michigan mwaka 2002 na kufika Wisconsin mwaka 2008. Nilivua glavu nikapapasa. Matundu anayotokea mdudu aliyekomaa yana umbo la herufi D, upande mmoja umenyooka, upande mwingine umejipinda, na nilipobandua kipande cha gome nikaona chini yake vijia alivyovila buu vikipinda na kurudi, vikipinda na kurudi, mpaka vimeuzunguka mti wote. Mti ukikatwa mishipa hivyo pande zote haupitishi chakula tena. Nilitazama huku na huku. Karibu kila ashi katika tambarare ile ulikuwa katika hali hiyo, na ipo mingi, kwa sababu ashi hustahimili miguu kukaa majini.

"Huu hupandi tena," shemeji akasema. Hakusema kwa ushindi. Ashi uliokufa hukauka upesi na kuwa mwepesi kuvunjika. Tawi linakatika bila upepo. Kufunga dungu juu yake, mita tano au sita hewani, gizani, ni kutafuta msiba.

Tulikaa kidogo pale. Mfereji wa zamani ulikuwa umebadilika pia. Mafuriko ya miaka ya karibuni yalikuwa yamejaza mchanga mahali penye kina kifupi na kukata njia mpya ya maji mita kadhaa mbali, na ule uvukaji ambao mzee alinionyesha kwa kidole haukuwepo. Kichaka kilichokuwa pembeni, cha mierebi michanga, kilikuwa kimekuwa msitu mrefu usio na kitu chini yake. Kulungu anakula kuanzia ardhini hadi pale shingo inapofika. Msitu ukishakua na kufunga kivuli juu, chini yake hakuna chakula, na watu husema kulungu wameisha kumbe wamehama tu hatua mia tano kufuata mwanga.

Kwa hiyo swali la kwanza lilikuwa limejibiwa, na lilijibiwa na mti. Mahali pale penyewe, shina lile, uvukaji ule, pamekwisha. Kama tungegeuka na kwenda garini, shemeji angekuwa sahihi kwa asilimia mia.

Lakini kulikuwa na zile nyayo chache zilizopita kwa haraka, na zote zilielekea upande mmoja. Nilimwambia tuzifuate.

Zilitutoa kwenye tambarare, zikavuka reli ya zamani, zikaanza kupanda mteremko. Njia ikapata njia nyingine, zikawa mbili, zikawa nne, na mara tukawa tunatembea kwenye mfereji uliokanyagwa mpaka majani makavu yakatokeza chini ya theluji, vinyesi vyeusi vimetapakaa pande zote. Juu, pale mteremko unapolegea kabla ya kilele, tulikuta msitu wa mialoni ambao jimbo lilikuwa limeuza mbao zake miaka michache nyuma. Nilijua kwamba umekatwa. Nilikuwa nimesikia misumeno nikiwa chini, na nikachukia. Sikuwa nimepanda kuona kilichoota baada ya mwanga kuingia: miche ya mwaloni na ya aina nyingine nyingi, matawi ya miiba ya matunda meusi, vichipukizi vya visiki, vyote vya urefu wa kiuno hadi bega.

Nilichuchumaa nikashika kijitawi kimoja. Kulungu hana meno ya mbele ya juu. Anabana chipukizi kwa ufizi na kulivuta, kwa hiyo anapokula tawi linabaki na ncha iliyochanika, nyuzi zimening'inia. Sungura hukata kwa mshazari, safi, utadhani ni kisu. Hapa ncha zote zilikuwa zimechanika, kijitawi baada ya kijitawi, kwa upana wa mteremko mzima. Palikuwa na mialoni midogo ambayo dume alikuwa ameisugua pembe zake mpaka gome likatoka, mmoja wao mnene kuliko mkono wangu. Na kwenye ukingo wa juu, chini ya kilele upande usiopigwa na upepo, palikuwa na malalo: mashimo ya umbo la yai kwenye theluji, yameyeyushwa na joto la mwili na kuganda tena, matano yakiwa karibu karibu, makubwa kwa madogo, kila moja limeelekezwa upande wake. Jike na jamaa zake. Mbali kidogo lilikuwepo jingine moja, refu kuliko yote, mgongo dhidi ya mti ulioanguka, uso kuelekea bondeni. Nilichuchumaa kando yake nikatazama alipokuwa akitazama huyo dume. Niliuona wazi, kati ya matawi matupu, ule mti wangu wa ashi uliochubuliwa. Kila nilipoketi pale chini na dungu langu, mnyama aliyelala hapa alikuwa na nafasi ya kuniangalia.

Shemeji alikuwa ametoa chupa ya chai. Tukaketi juu ya kisiki, tukanywa, tukaanza mjadala wenyewe.

"Sawa," alisema, "wapo. Lakini hawa wanaumwa. Wewe mwenyewe umemtupa mmoja. Kwa nini upige mnyama ambaye hujui kama utamla? Kaskazini ugonjwa ni haba."

Ni swali zito na sikulichukulia kwa wepesi. Kaskazini kuna uzuri wake: misitu mikubwa, mbwa mwitu, ukimya. Kulungu huko ni wachache zaidi kwa kila kilomita ya mraba, majira ya baridi ni makali, na mtu anayekwenda mara moja kwa mwaka kwa mwendo wa saa nne au tano atakuwa mgeni pale kila mara. Lakini haya ni mambo ya urahisi. Jibu langu halikuwa la urahisi.

Nilimwambia hivi. Prioni ziko kwenye udongo huu, mimi niwepo au nisiwepo. Kinachopunguza kasi ya ugonjwa, kwa kadiri wataalamu wa wanyamapori wanavyofahamu, ni kupunguza msongamano wa kulungu na kutowaacha wagonjwa waishi miaka mingi wakieneza, na chombo kikubwa ambacho jimbo linacho kwa kazi hiyo ni mwindaji wa kawaida mwenye leseni. Kila anayepima anaongeza pia nukta moja kwenye ramani; bila sampuli hakuna anayejua ugonjwa umefika wapi. Sasa tukiondoka sisi tunaopima, tunaopeleka mifupa kwenye jalala linalostahili badala ya kuitupa msituni, nani anabaki? Anabaki asiyetaka kujua.

Kusini mwa jimbo hili kulikuwa na mtu aliyeishi na swali la kulungu miaka yake yote ya mwisho. Aldo Leopold alinunua shamba lililochakaa karibu na Baraboo, upande wa juu wa mto huu huu, mwaka 1935, akawa anapanda misonobari na familia yake mwishoni mwa juma. Mwaka 1943, akiwa kwenye tume ya uhifadhi ya jimbo, aliunga mkono msimu wa kupiga majike, kwa sababu kulungu walikuwa wamezidi na walikuwa wanakula msitu mpaka wanakufa njaa wakati wa baridi. Wawindaji walimshambulia vikali. Kwao kumpiga jike ilikuwa aibu. Alifariki mwaka 1948 akisaidia kuzima moto wa nyasi kwa jirani, na kitabu chake, A Sand County Almanac, kikatoka mwaka uliofuata. Ninamheshimu kwa mengi, lakini kwa hili zaidi: alisimama upande wa ardhi wakati wenzake wa uwindaji walikuwa upande wa pembe.

Na hapo ndipo uamuzi wangu ulipokaa. Kama ningeendelea kuwinda eneo hili kwa ajili ya madume na pembe zao, basi heri niliache, kwa sababu madume wakubwa ndio wanaoambukizwa zaidi, na kila mwaka ningekuwa nacheza bahati nasibu na moyo wangu. Lakini leseni ya kaunti hizi za mashamba huja na vibali vya majike, na watu wengi hawavitumii. Majike watatu au wanne tuliokuwa tumeona malalo yao ndio wanaoamua idadi ya kulungu watakaokuwa juu ya kilima hiki mwakani. Mtu anayetaka kukisaidia kilima apande kwa ajili yao.

Shemeji alifikiri. "Na nyama ikirudi na majibu mabaya?"

"Tutaitupa, tena kwa uchungu ule ule. Ila majike wachanga wenye ugonjwa ni wachache kuliko madume wakongwe. Tutakula mara nyingi kuliko tutakavyotupa."

"Dada hatapika mpaka aione karatasi ya majibu."

"Na mimi sitamwomba apike kabla."

Tulitumia mchana uliobaki kwenye kazi ambayo kwangu ni tamu kuliko kuwinda kwenyewe: kujifunza upepo wa mahali papya. Vilima vya huku vina hila. Asubuhi jua likipasha mteremko, hewa inapanda na kuchukua harufu yako juu. Jioni hewa ikipoa inateremka na kuimwaga bondeni. Lindo linalofaa alfajiri linaweza kukuharibia magharibi. Mfukoni nilikuwa na sufi za mmea wa porini unaoota kando ya barabara za mashamba, zile zinazobeba mbegu. Unaachia moja, inaelea, unaifuata kwa macho mbali kuliko vumbi lolote. Nilisimama chini ya mwaloni mmoja uliopinda, mzima, wenye uma mzuri wa kufungia dungu, nikaachia. Ikapanda polepole kuelekea kileleni, mbali na malalo. Nikangoja. Jua lilipoanza kuinama nikaachia nyingine. Ikasita, ikageuka, ikateremka moja kwa moja juu ya njia ile kuu. Basi mwaloni ule ni wa asubuhi tu, na asubuhi zenyewe ziwe za upepo wa kaskazini magharibi. Shemeji akatafuta wake wa jioni upande wa pili wa mkato wa mbao, chini zaidi, na akaupata: mcheri wa porini wenye gome la magamba, mwembamba kidogo lakini imara.

Kuhusu siku tisa za bunduki tulikubaliana haraka. Tambarare ile hujaa watu wenye mavazi ya machungwa tangu kiza cha siku ya kwanza, na kulungu wote wanasukumwa juu kwenye mteremko huu. Ni siku nzuri ya kupata mnyama na mbaya ya kukaa kwenye mteremko wenye watu wawili watatu wasioonana. Tutakuja katikati ya juma, wengine wakiwa wamerudi kazini, tuwe hapa kabla ya mapambazuko na tuondoke saa nne asubuhi.

Jambo moja nililiongeza kwenye makubaliano yetu tukishuka. Pale juu ya mto, tai wawili wenye vichwa vyeupe walikuwa wakizunguka. Majira ya baridi hujikusanya kwenye maji yasiyoganda karibu na bwawa la Prairie du Sac na kushuka mto wakitafuta chakula. Matumbo ya kulungu yanayoachwa msituni huwa karamu yao, na vipande vya risasi ya madini ya risasi vilivyobaki humo huwatia sumu. Risasi za shaba ni ghali zaidi. Tutanunua za shaba.

Jioni hiyo nilimpigia yule mzee simu. Nilimweleza habari za ashi, za mchanga uliojaa kwenye uvukaji wake, za mteremko. Alinyamaza muda kidogo, kisha akasema kwamba na yeye alionyeshwa lindo hilo na baba mkwe wake, na wakati huo halikuwa chini ya ashi, lilikuwa mita mia mbili upande wa mashariki, chini ya mwaloni ulioangushwa na radi. Halafu akauliza upepo ulikuwa ukitoka wapi. Nilimwambia. Akataka kujua kama ule mteremko una mahali pa kuegesha gari kwa juu, kwa sababu kama papo, na kama kutembea si kwingi, angependa kuketi chini ya mti asubuhi moja ya Novemba na kiti cha kukunja. Nilitazama ramani tukiwa bado kwenye simu. Kuna njia ya wakata mbao inayofika karibu kabisa, na tumepanga kuikagua Septemba, kabla msimu wa pinde haujafunguliwa.